Jando na Imani ya Mtoto

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, ilipo njia panda ya Ruangwa na Nachingwea. Wazazi Wakristo wa huku nao wana njia panda yao: wampeleke mtoto jandoni, au wamzuie kwa ajili ya imani?

Swali hilo si geni. Wamisionari wengi wa zamani walipiga jando marufuku. Ikawa vijana huenda kwa siri, kisha Jumapili huketi kanisani kama kwamba hapana lililotokea. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana, Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine. Kambi ya wavulana ilibaki, tohara ilibaki, bali matambiko ya mizimu yaliachwa na mahali pake yakawekwa sala na mafundisho ya Kikristo.

Kwa wavulana jambo hilo lilishika. Unyago ulikuwa mgumu zaidi, maana ulikuwa mikononi mwa makungwi, nao si watu wa kupokea amri ya mwanamume, awe askofu au mume.

Ndugu mzazi, kumwambia mtoto "usiende" hakumkuzi kiimani. Muulize mapema mlezi wake wa jandoni: nyimbo gani zitafundishwa? Wembe ni wa nani? Wimbo unaomfundisha kijana kudharau wanawake haumpi Mungu heshima, hata ukiimbwa na wajomba wote. Na binti akitoka unyagoni, njia yake ni ya shuleni, siyo ya kwa mume.