Muziki wa ukumbini unavyodhuru masikio

JE, mpenzi msomaji, umewahi kutoka dansini usiku wa manane ukahisi kana kwamba umetiwa pamba masikioni, na ulipolala ukasikia mlio mwembamba kama wa nyenje ambao haukukoma mpaka asubuhi? Wengi hulichukulia jambo hili kuwa sehemu ya starehe. Mlio huo una maana yake, na wiki hii ningependa tuueleze kwa kirefu.

Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuusikiliza muziki kwa karibu. Them Mushrooms, walioanza mwaka wa 1972 na kutoa “Jambo Bwana” mwaka wa 1982, walijijenga kwa kupiga muziki katika mahoteli ya pwani. Mombasa Roots nao waliitia chakacha magitaa ya umeme. Ama bango, mtindo unaofungamanishwa na jina la Mzee Ngala wa Frere Town, utamu wake haupatikani katika uwanja wa mpira. Wataka ukumbi mdogo, saksafoni ikilia hatua chache tu kutoka mezani kwako. Shabiki wa Jomvu Kuu anayepanda matatu Jumamosi jioni kwenda Changamwe, au anayevuka mpaka Kisauni, huufuata ukaribu huo. Anataka kuviona vidole vya mpiga gitaa na kumwomba mwimbaji wimbo aupendao. Simlaumu hata kidogo, ila ajue kwamba ukaribu huo ndio unaomponza.

Watu wengi hudhani kelele za hatari ni zile za tamasha kubwa uwanjani, penye spika zilizopangwa kama ghorofa. Kwenye uwazi, kila unaposogea mbali mara mbili zaidi, sauti hupungua kwa kiasi cha desibeli 6, kwa hivyo mtu aliye nyuma hupumua. Katika ukumbi wenye paa la mabati na sakafu ya saruji sauti haina pa kwenda. Hugonga ukuta ikarudi, ikagonga paa ikarudi tena, na hata ukikaa meza ya mwisho hujapata nafuu kubwa.

Tena kuna ngoma na matoazi. Hivi havihitaji hata umeme kuujaza ukumbi mdogo. Ili gitaa lisikike juu ya ngoma, huongezwa sauti. Ili mwimbaji asikike juu ya gitaa, naye huongezwa. Mpiga besi akiona amefunikwa huongeza yake. Fundi wa mitambo naye ni binadamu mwenye masikio. Kufikia saa sita za usiku masikio yake yamechoka, muziki anauona umepoa, basi huongeza tena. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu, lakini sauti ya saa nane za usiku si ile mliyoanza nayo saa tatu.

Vinyweleo visivyoota tena

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo chenye umbo la konokono, kilichojaa maji. Humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vinavyotikiswa na mawimbi ya sauti na kuupelekea ubongo habari. Sauti kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mpunga. Ikiwa haikuzidi sana huinuka tena baada ya siku moja au mbili, na ndipo ile hali ya kuzibwa pamba huondoka. Ikizidi, au ikirudiwa kila wiki, chembe hufa. Kuku akiharibikiwa na chembe hizi huota nyingine baada ya majuma machache. Binadamu hana bahati hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hatukufundishwa zamani. Mwaka wa 2009 watafiti wa mjini Boston, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele kubwa kisha wakaonekana wamepona walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya viungio kati ya chembe hizo na mshipa wa fahamu. Kwa binadamu suala hili bado linachunguzwa, lakini mimi tangu hapo siamini tena kwamba mlio ukishaisha basi hapana kilichoharibika.

Uziwi wa namna hii huanza na sauti nyembamba. Mgonjwa husikia watu wakizungumza lakini haelewi wanachosema, kwa kuwa herufi kama s, f na th zimemtoroka. Kondakta akisema “sabini” au “themanini” humbidi amtazame mdomo. Sauti za wanaume anazisikia, za wajukuu hazisikii. Aghalabu huja kwetu akisukumwa na mkewe, aliyechoka na redio inayofunguliwa mpaka mwisho.

Wapigaji wenyewe hawakusalimika. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who ya Uingereza, ameeleza kwa miaka mingi taabu ya mlio masikioni na kupungukiwa usikivu. Mwaka wa 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kuiacha ziara katikati baada ya madaktari kumwonya kwamba akiendelea atakuwa kiziwi kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sikio laweza kustahimili desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama hupungua nusu. Zikifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Zikifika 100, ambazo si ajabu kabisa katika ukumbi wenye bendi, ni dakika 20. Mtu aliyekaa humo saa nne ameutumia mgao wa zaidi ya wiki kumi katika usiku mmoja. Mwaka wa 2022 shirika hilo lilitoa kanuni za kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, sauti ipimwe, watu wapewe vizibo vya masikio, na pawe na mahali patulivu pa kupumzikia. Binafsi naiona 100 hiyo bado ni kubwa, lakini laiti ingefuatwa.

Kwa mkazi wa Jomvu Kuu hesabu ina upande wa pili. Wengi hushinda viwandani Changamwe na Miritini, kwenye yadi za makontena, karakana za kuchomelea na malori ya barabara kuu ya Nairobi. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini inaruhusu wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Sikio halina daftari mbili, moja ya kazi na moja ya starehe. Anayetoka kwenye mashine ya kusaga vyuma Jumamosi saa kumi na kuingia dansini saa tatu huingia akiwa tayari ana deni.

Ufanye nini basi, na bendi unaipenda? Nenda. Usikae mbele ya spika. Keti kando, na toka nje dakika 15 kila baada ya saa moja. Nunua vizibo vya sponji kwenye duka la dawa au la vifaa vya usalama kazini. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishike mpaka kitutumke. Muziki utapoa kidogo lakini utausikia. Pamba na karatasi ya chooni havizuii kitu cha maana. Na tafadhali, watoto wanaolala arusini chini ya spika waondoeni hapo.

Ikiwa unatibiwa kwa kwinini au sindano za gentamaisini, dawa hizo pia zaweza kuyasumbua masikio. Usiziache kwa hofu. Ahirisha dansi, na ukisikia mlio mwambie daktari wako.

Mlio ukizidi siku mbili, nenda ukapimwe usikivu kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, kama katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara. Lakini ukiamka sikio moja halisikii kabisa, usilisafishe kwa kijiti wala kutia mafuta ya moto, wala usingoje liache lenyewe. Hiyo ni dharura. Kuna dawa za kujaribu kuliokoa, na hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku chache za mwanzo. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.