Majivu Hayaponyi Bustani ya Nyumba Mpya

Mafundi wakishaondoka, kinachobaki kuzunguka nyumba mpya ni kifusi chenye rangi ya udongo. Udongo wa juu wenye mboji umefukiwa chini ya ule uliochimbuliwa kwenye msingi na shimo la maji taka. Hapo juu zege limekorogwa, lipu imedondoka, na malori ya kokoto na tofali yamepita mpaka ardhi ikashindiliwa. Ndipo mwenye nyumba anapopanda iksora, waridi na gadenia alizonunua kando ya barabara zikiwa zimenawiri, na baada ya miezi michache linakuja swali lile lile: majani yanageuka njano, iwekwe mbolea gani? Swali limekosewa tangu mwanzo. Jirani naye huwa na jibu baya kuliko swali lenyewe: majivu.

Njano ya majani ni ya namna nyingi, lakini mbili zinatosha hapa, na asiyeweza kuzitofautisha asiende dukani kwanza. Naitrojeni huhama ndani ya mmea. Ikipungua, majani ya zamani hunyang'anywa ili machanga yapate, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma hakihami. Kikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo yanayopauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kwenye nyumba mpya za ukanda wa matumbawe, kuanzia Msasani hadi Nyali na upande wa mashariki wa Unguja, njano inayopigiwa kelele mara nyingi ni hii ya pili. Chuma chenyewe kimo ardhini, tena tele, ila kimefungwa. pH ya udongo ikipita 7, chuma huwa katika hali isiyoyeyuka kwenye maji, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Iksora na gadenia, zinazotaka udongo wenye uchachu, pH ya 5 hadi 6 na kidogo, ndizo za kwanza kuonyesha.

Kinachoipandisha pH ni chokaa. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali ambayo pH yake hupita 12. Muda ukienda, hewa huigeuza kuwa chokaa tulivu, ile ile iliyomo kwenye mawe ya matumbawe, nayo huweza kuushikilia udongo karibu na pH 8 kwa miaka.

Sasa majivu ya kuni. Sehemu yake kubwa ni chokaa, pamoja na potasiamu na fosforasi kidogo, na pH yake kwa kawaida iko kati ya 10 na 12. Naitrojeni karibu haimo, kwani iliondoka na moshi jikoni. Mmea uliofungiwa chuma na chokaa, basi, huongezewa chokaa. Ukizidi kupauka husemwa kwamba kipimo kilikuwa kidogo, na ndoo ya pili humwagwa. Wapo wanaoyachanganya na samadi ya kuku ili "yapate nguvu". Alkali ya majivu huifanya naitrojeni ya samadi igeuke amonia na kupaa. Ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yenyewe inayoondoka, na aliyeilipia amesimama pale akiinusa.

Kwamba bibi alitumia majivu na bustani yake ikastawi ni kweli, na hoja hiyo hurudiwa kila mara kana kwamba inamaliza mjadala. Bibi alikuwa Rungwe, Mufindi au Kericho, kwenye ardhi inayostawisha chai kwa sababu ina uchachu. Huko pH ya 4.5 au 5 si jambo la ajabu, na majivu kiasi huipandisha hadi mahali ambapo mimea mingi hupata nafuu. Dawa iliyomfaa mgonjwa mmoja ikapanda basi hadi Kunduchi, pwani, ikanyweshwa mgonjwa mwenye ugonjwa wa kinyume. Sifa ya kuua wadudu nayo ina mipaka: majivu makavu huwasumbua vidukari, lakini mvua moja ikinyesha huyashusha kwenye udongo. Ghalani, kwenye mahindi na maharage, yana heshima yake, yabaki huko.

Wengine hukimbilia siki na maji ya ndimu ili kuirudisha pH chini. Glasi ya siki haiwezi kumaliza chokaa iliyomo kwenye toroli moja la kifusi.

Mwenye shaka aitazame Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipochimbwa matumbawe hadi ukabaki mwamba mtupu. Miche mingi ya majaribio ilikufa, mvinje ukasimama. Majani yake yalirundikana bila kuoza mpaka jongoo walipoletwa, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo ni Haller Park, penye miti mirefu, twiga na viboko. Hakuna aliyejaribu kuuponya mwamba: ulichaguliwa mti unaouvumilia, na udongo ukajengwa juu yake kwa majani.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Udongo mkavu udondoshewe siki. Ukitoa povu, chokaa ipo. Shimo la sentimita 30 lijazwe maji mara mbili. Ya mara ya pili yakilala humo hadi asubuhi, ardhi ipasuliwe kwa sululu kabla ya mche wowote. Vipande vya zege na lipu viokotwe, visifukiwe. Tuta la maua lichimbwe nusu mita, kifusi kitolewe, lijazwe udongo wa juu wenye mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu. Ule udongo mwekundu wa lori mara nyingi hutoka chini shimoni na hauna mboji. Matandazo ya majani makavu, sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Bogenivilia, franjipani na adeniamu huvumilia chokaa; oleanda pia, ila ina sumu kali, haifai penye watoto wadogo au mbuzi. Asiyeweza kuishi bila iksora aipande kwenye chungu cha udongo wa kufinyanga, si cha saruji mpya, ambacho nacho hutoa chokaa. Chuma cha dukani kiwe cha aina ya EDDHA. Cha EDTA hushindwa kazi kwenye udongo wa chokaa. Kiriba cheusi cha mche kichanwe na kutolewa chote, kwani mizizi haitoboi plastiki. Miche ipandwe mwanzoni mwa masika au vuli, na mvua ikikatika imwagiliwe kwa wingi mara mbili tatu kwa wiki badala ya kikombe kila jioni. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai waridi. Alitakaye waridi akinge maji ya mvua.