Mashine ya arubaini ni ipi?

Ukisimama kwenye gati la Mokowe asubuhi, utasikia mashine kabla hujaziona boti. Muulize nahodha yeyote amefunga nini nyuma, atakujibu kwa neno moja: "Arubaini." Ana maana ya mashine ya nguvu za farasi 40. Kwa abiria anayekwenda Amu jibu hilo latosha. Kwa anayetaka kuifungua mwenyewe na kuitengeneza, halijaanza hata kusema kitu.

Chukua Yamaha, ambayo ndiyo iliyozoeleka majini kwetu. Iko arubaini ya silinda mbili na iko ya silinda tatu. Iko ya kuchanganya oili na petroli, na iko yenye herufi F mwanzoni mwa jina lake, ambayo oili yake hukaa mahali pake kama ya gari. Gasketi ya moja haikai kwenye nyingine. Aliyepiga simu Mombasa akaagiza "gasketi ya arubaini" amebahatisha, na akikosea atalisubiri basi la pili huku boti imelala mchangani.

Jina kamili limeandikwa kwenye mashine yenyewe, katika kibati kilichobandikwa upande wa kushoto wa kibano kinachoishikilia mashine kwenye tezi. Tuseme pameandikwa E40XMHL. E ni Enduro, 40 ni nguvu, X ni toleo. M yasema huwashwa kwa kuvuta kamba, H kwamba huongozwa kwa kana, L kwamba mguu wake ni mrefu. Chini yake ipo namba ya mashine. Ukiwa na maandishi hayo unaweza kupata katalogi ya spea, ile yenye michoro inayoonyesha kila parafujo limetoka wapi na namba yake ni ipi. Bila hayo, intaneti nzima haikusaidii. Na hapa ndipo tunapojiponza: boti ikipakwa rangi, kibati nacho hupakwa.

Nadhani tatizo lina mzizi wa mbali kidogo. Mafundi wa Matondoni wameunda majahazi vizazi na vizazi bila mchoro wa karatasi. Jicho ndilo kipimo, na mbao inasamehe: ikizidi huchongwa, ikipwaya huzibwa kwa kalafati. Elimu ya namna hiyo hurithiwa kwa kutazama, na ni elimu kamili. Mashine ya chuma haisamehi. Aliyeiunda alikuwa mbali na akafanya uamuzi wake kwa tarakimu, kwa hivyo anayeifungua bila tarakimu hizo anafanya ramli hata kama mkono wake ni hodari.

Mfano ni oili. Kwa mashine nyingi za kuchanganya za aina hii, kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili: dumu la lita 20 linataka mililita 400. Mashine mpya, katika saa zake za mwanzo, hutaka maradufu, yaani mililita 800. Wako wanaomimina "mpaka rangi ibadilike". Ikizidi, plagi zinachafuka na moshi unatanda. Ikipungua, pistoni inakwaruzika hadi inashika. Chupa nayo ina neno lake: TC-W3 ni alama ya oili ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki, hata ikiwa ya bei nzuri, imetengenezwa kwa joto la aina nyingine.

Plagi pia husomeka. B8HS-10 ya NGK inakwambia uzi wake ni wa milimita 14, kiwango chake cha joto ni 8, na mwanya wake ni milimita 1.0. Nani alikwambia hakuna kitabu? Umekishika mkononi.

Lakini kitabu nacho kina upofu wake, kwani kiliandikiwa bahari zote na hakiujui Mkanda, mlango ule kati ya Manda na bara. Mashine hupozwa na maji ya bahari yanayovutwa na impela ya mpira iliyoko mguuni. Maji yakitoka, boti inayolazimisha kupita penye kina kifupi hunyonya mchanga pamoja na maji. Mchanga unakula mpira. Kwa hiyo muda wa ukaguzi uliotajwa kitabuni, kwa boti za Pate na Faza mimi ningeukata nusu. Nahodha mzee hahitaji kuambiwa: hutazama mkondo unaotemwa nyuma ya mashine, na ukianza kunyong'onyea huzima.

Video za simuni zinafaa kwa jambo moja, kuonyesha mkono unavyokwenda, parafujo lipi kabla ya lipi. Kwa vipimo usiziamini mpaka uione mashine ya kwenye video ina herufi sawa na yako. Waendesha bodaboda wa Hindi na Mpeketoni, kule bara, wana nafuu, maana pikipiki zao ni za aina chache na duka la spea haliko mbali. Sisi wa visiwani hatuna nafasi ya kukosea mara mbili.

Basi kabla hujampigia mtu wa Mombasa, chukua kitambaa chenye maji baridi, futa chumvi kwenye kibati, ondoa na rangi ikiwa ipo, kipige picha, kisha ziandike zile herufi na namba kwa rangi isiyofutika ndani ya ubavu wa boti, karibu na tezi, pasipofikiwa na jua.