Mama anasafishwa damu, na harusi ya Unguja hakuikosa

Kwa miaka mitatu mama yetu hakuvuka bahari. Figo zake ziliposhindwa kazi, maisha yake yalifungwa kwenye siku tatu za juma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa nne kila mara, mkono umenyooshwa kando ya mashine hapa Dar es Salaam. Mwaliko ulipokuja kutoka kwa mdogo wake aliyeko Unguja, sisi watoto ndio tuliojibu kwa niaba yake kuwa mgonjwa hasafiri. Siku moja akatusikia. "Msinizike kabla ya siku zangu," alisema, wala hakupandisha sauti.

Tuliona haya, tukakata tiketi za boti. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo tunalieleza ili familia nyingine isilirudie. Wenyeji wetu walituambia kuwa Unguja mashine zipo, njooni tu. Ni kweli zipo. Lakini kuwepo kwa mashine si kuwepo kwa nafasi: kila kitanda kina wagonjwa wake wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya mchana, na mgeni hupewa pale tu palipobaki wazi. Tulivuka Jumamosi. Jumatatu tukaambiwa tusubiri hadi Alhamisi, tena tulete majibu ya vipimo vya homa ya ini B na C na vya virusi vya UKIMWI, ambayo tulikuwa tumeyaacha nyumbani. Usiku wa kuamkia Jumanne mama hakuweza kulala chali. Maji yaliyokosa njia ya kutoka yalikuwa yamejaa mapafuni. Tulirudi naye kwa boti ya kwanza, amekaa wima, akihema. Safari ya saa mbili hivi tuliiona ya siku mbili. Alipelekwa moja kwa moja kwenye mashine na, alhamdulillahi, akapata nafuu.

Mwaka uliofuata mjukuu wa mama mdogo akaposwa. Safari hii tuliomba nafasi kwanza, wiki sita kabla, na tiketi tukazikata mwisho. Kituo cha mama kilituandikia barua yenye uzito wake mkavu, yaani uzito anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa, muda wa kusafishwa, kiasi cha dawa ya kuzuia damu isigande, dawa anazotumia, na majibu ya vipimo vya karibuni. Tuliuliza pia kama bima yake itapokelewa huko, na tukaweka fedha kando iwapo haitapokelewa. Alisafishwa Ijumaa, akavuka Jumamosi, harusi ikawa Jumapili, naye akasafishwa Unguja Jumatatu na Jumatano kabla ya kurejea. Dawa zilikaa kwenye mkoba wake, si kwenye sanduku. Mkono wenye mshipa uliounganishwa haukubeba hata kikapu.

Lililotupa taabu kuliko yote ni ukarimu. Mtu wa pwani akikupenda hukulisha, na kila kinachoheshimisha mgeni kilikuwa hatari kwa mama: dafu, tende, ndizi mbivu. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo nzima huyatoa kwa mkojo; yakizidi mwilini, moyo unaweza kusimama ghafla. Achari nayo huleta kiu, na kiu huleta maji. Tulimpigia mama mdogo simu mapema tukamweleza. Alilia kidogo, kisha akatafuta kikombe cha kahawa, kikawa ndicho kipimo cha maji ya dada yake muda wote.

Tunajua wasomaji wengi wanawaza Makka. Kwa Umra kanuni ni ileile: nafasi ya kusafishwa damu Makka na Madina ithibitishwe kabla ya kulipia safari, na daktari aridhie. Zamzam nayo, pamoja na baraka zake, ihesabiwe katika kipimo cha maji. Hija ni jambo jingine. Masharti ya afya ya Saudi Arabia ya miaka ya karibuni yanawataja wenye figo zilizoshindwa kazi wanaohitaji kusafishwa damu miongoni mwa wasioruhusiwa. Hilo linauma, lakini mwenye uwezo wa mali na maradhi yasiyotarajiwa kupona anaweza kuhijiwa na mwingine aliyekwisha kujihijia. Tusimfiche mzee habari hiyo hadi akiba yake ifikie mikononi mwa wakala.

Ijumaa mama aliporudi kwenye kitanda chake, wauguzi waliona hina kwenye mkono mmoja tu. Ule wa mshipa alikataa usiguswe. Wagonjwa wenzake wa zamu ile walitaka kuisikia harusi yote tangu mwanzo, na muda wa saa nne haukumtosha.