India: Idadi ya watu ndiyo huamua barabara ya kijiji

Nchini India, kijiji kidogo hupata au hukosa barabara kutegemea idadi ya wakazi wake.

Mpango wa taifa wa barabara za vijijini ulizinduliwa Desemba mwaka 2000 chini ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee. Ulilenga makazi yenye watu 500 au zaidi katika maeneo ya tambarare. Katika milima, majangwa na maeneo ya jamii za kikabila, kiwango kiliwekwa kuwa watu 250.

Shabaha ni barabara inayopitika mwaka mzima. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba hugeuza njia za udongo kuwa matope. Magari hukwama, na mgonjwa hulazimika kubebwa hadi penye lami.

Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 huweza kuhesabiwa pamoja. Lakini kitongoji cha tambarare kilichojitenga, chenye watu 480, hakifikii kiwango.

Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, inakusudia kuyafikia makazi 25,000 kwa barabara zenye urefu wa kilomita 62,500. Hata hivyo, hesabu zake zinatokana na sensa ya mwaka 2011, kwani sensa iliyotarajiwa mwaka 2021 iliahirishwa kutokana na janga la Korona.

Hivyo kitongoji kilichovuka watu 500 baada ya mwaka 2011 bado huhesabiwa kuwa kidogo mno, na wakazi wake huendelea kutembea kwa miguu.