ANZA NA MAJI, UFITO BAADAYE

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alituomba kila mmoja aandike juu ya kazi anayoijua kwa macho yake, si kwa kuhadithiwa. Wenzangu wamechagua ushonaji, ufugaji wa kuku na utengenezaji wa baiskeli. Mimi nimechagua kazi ya kuosha madirisha. Nilipotaja hivyo darasani watu walicheka, hata rafiki yangu wa dawati moja alicheka. Sikuudhika. Nilijua wakisoma watanielewa.

Kila asubuhi nikishuka kutoka matatu nambari 46 hapa Hurlingham, mimi huangalia vioo. Kando ya Barabara ya Argwings Kodhek kuna maduka, hospitali, ofisi, nyumba za zamani zilizozungukwa na ua, na fleti za ghorofa tatu au nne. Ukielekea Kilimani ndipo unakutana na majumba marefu ambayo ukitaka kuona paa lake lazima ushike kofia. Yote hayo yana vioo, na vioo hushika vumbi la ujenzi na moshi wa magari. Lazima kuna mtu wa kuyaosha.

Mtu mmoja kati ya hao ni mjomba wangu. Kwa miaka mingi vyombo vyake vilikuwa ndoo, sabuni, kitambaa na ngazi. Mwaka jana ngazi iliteleza kwenye vigae vilivyolowa maji, naye akaanguka kutoka usawa wa ghorofa ya kwanza. Alivunjika mkono wa kulia, akakaa miezi mitatu bila kazi. Mama, ambaye ni dada yake, akaenda kwenye chama chao cha akina mama, akakopa shilingi 60,000 ili mjomba anunue vyombo vya kuoshea madirisha akiwa amesimama chini. Pesa hizo ni za watu. Tukinunua vitu visivyofaa, mama angelipa tu, na pesa zangu za chakula cha mchana shuleni zingetoka katika mfuko huo huo. Kwa hivyo nilikuwa na sababu nzuri ya kujifunza jambo hili.

Ufito wa maji ni nini?

Ni kifaa chenye sehemu nyingi zinazoingiana, kama redio za zamani zilivyokuwa na antena ya kuvuta. Ndani yake au kandokando yake hupita mpira mwembamba wa maji. Juu kuna burashi yenye matundu ya kurushia maji. Chini kuna pampu ndogo ya betri na tangi. Mwoshaji husimama chini, anasugua kioo kwa burashi, kisha anainua burashi kidogo na kukisuuza. Hatumii sabuni wala hapangusi. Kioo hujikaukia chenyewe.

Kwa Kiingereza kifaa hiki huitwa "pole". Mjomba alipolisikia neno hilo alicheka, akasema, "Mpwa wangu, nilipoanguka kila mtu aliniambia pole. Kumbe walikuwa wananiambia nikanunue!"

Siku ile ile mama alipoleta pesa, mjomba alitaka kwenda mjini. Muuzaji mmoja alikuwa amemwonyesha ufito mweusi wa kaboni, mrefu kama mita ishirini, unaong'aa. Bei yake ingemeza mkopo wote na bado tubaki na deni. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza swali la kwanza kabisa: tutaosha kwa maji gani?

Kwanza: pima maji

Mnakumbuka nimesema kioo hakipanguswi. Hapo ndipo kuna siri yote. Maji yakikauka, yale madini yaliyoyeyuka ndani yake hayapandi hewani pamoja na mvuke. Yanabaki pale pale. Angalia sufuria ya kuchemshia maji nyumbani, utaona utando mweupe chini yake. Utando huo ukiwa kwenye kioo huitwa madoa, na mwenye nyumba hatakulipa.

Mjomba alikuwa amelipata somo hilo kabla ya kuanguka. Aliwahi kuosha vioo vya fleti fulani kwa maji ya kisima cha mashine kilichochimbwa hapo uani. Jua lilikuwa kali, na kabla hajafuta, vioo vikawa na madoadoa meupe kama vimemwagiwa unga. Alirudia kazi yote bila malipo.

Hapa Nairobi maji ni ya aina tatu. Kuna ya bomba, ambayo mengi hutoka kwenye mabwawa ya nyanda za juu: Ndakaini kule Murang'a, Sasumua kule Nyandarua na Ruiru kule Kiambu. Haya ni maji ya mito na mvua, hivyo kwa kawaida madini yake si mengi. Kuna ya visima virefu, ambayo hupita katika miamba ya volkano na kuokota chumvi njiani. Mengi ya visima hivyo yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Halafu kuna maji ya mvua, ambayo yana madini machache kabisa.

Shida ni kwamba kwa sababu ya mgao wa maji, fleti nyingi huchanganya maji ya bomba na ya kisima katika tangi moja. Leo ni haya, kesho ni yale. Usiamini maneno ya bawabu. Nunua kipimo kidogo, kama kalamu kwa ukubwa, ambacho ukikitumbukiza majini kinakuambia miligramu za madini kwa kila lita. Kwa kazi ya ufito, maji yanatakiwa yasome 0 au karibu na 0.

Kama huna kipimo, fanya kama nilivyofanya mimi. Osha kipande cha kioo vizuri, dondoshea tone la maji ya mvua, tone la maji ya bomba na tone la maji ya kisima, kisha kiache juani. Tone la kisima liliacha duara jeupe linaloonekana ukiwa mlangoni. La bomba liliacha alama hafifu. La mvua nililitafuta kwa kuinamisha kioo huku na huku. Mjomba alikiangalia kioo hicho kwa muda mrefu, kisha akavua kofia aliyokuwa amevaa tayari kwenda mjini.

Pili: chagua njia ya kusafisha maji

Njia ziko mbili, na watu wengi huziunganisha. Ya kwanza ni osmosisi ya kinyume. Ile osmosisi tuliyosoma kidato cha kwanza hupeleka maji kwenye upande wenye chumvi nyingi. Hapa pampu huyasukuma kwa nguvu kurudi upande wa pili kupitia utando, na chumvi nyingi inabaki nyuma. Ubaya wake ni kwamba inataka presha nzuri, na inamwaga maji mengi. Katika mitambo midogo, nusu ya maji au hata zaidi huenda na chumvi. Katika mji wenye mgao hilo ni jambo la kufikiria, ingawa maji hayo yanaweza kupigia deki au kusafishia choo.

Njia ya pili ni rezini. Ni chembe ndogondogo kama mayai ya samaki, zimejazwa katika chupa kubwa. Maji yakipita, chembe hizo hunyakua ayoni za madini na kutoa ayoni ambazo zikiungana zinakuwa maji matupu. Haimwagi hata tone, wala haihitaji umeme. Lakini rezini huchoka, na kasi ya kuchoka inategemea maji unayoilisha. Tuseme chupa moja inasafisha lita 2,000 za maji yenye miligramu 100 kwa lita. Ukiilisha maji ya kisima yenye miligramu 400, itasafisha lita 500 hivi. Ukiilisha ya mvua yenye miligramu 20, inaweza kufika karibu lita 10,000. Rezini ni ile ile, pesa ni zile zile.

Kwa hiyo kanuni yetu ikawa hivi. Mwenye maji ya kisima peke yake, anunue mtambo wa osmosisi kwanza, kisha rezini imalizie. Mwenye maji ya bomba anaweza kuanza na rezini peke yake. Mwenye paa la mabati na tangi, akinge mvua za masika na za vuli, ayachuje uchafu wa paa, halafu ayapitishe kwenye rezini. Sisi tuna paa la mabati.

Piga pia hesabu ya kiasi. Pampu ikitoa lita mbili kwa dakika bila kukoma, saa moja ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20. Je, utaibeba vipi? Tangi dogo lenye magurudumu linafaa kwa mtu asiye na gari.

Tatu: sasa chagua ufito

Usinunue ufito kwa kuangalia jumba refu kuliko yote mtaani. Nunua kwa wateja ulio nao. Tulizunguka Jumamosi mbili tukihesabu ghorofa za wateja wa mjomba. Wengi walikuwa na nyumba za chini au fleti zisizozidi ghorofa mbili juu.

Hapo nikamtumia Bwana Pythagoras. Ukingo wa juu wa dirisha uko mita 9 kutoka ardhini. Mikono yako iko mita 1 juu, kwa hiyo zimebaki 8. Kuna bustani ya maua, hivyo umesimama mita 3 kutoka ukutani. Kipeo cha pili cha 8 ni 64, cha 3 ni 9, jumla 73, na kipeuo chake ni kama 8.5. Ongeza kipande kinachobaki chini ya mikono, utaona ufito wa mita 10 unatosha. Ule wa mita 20 ungekuwa mzigo wa bure, kwa sababu ufito ukirefuka huzidi kuyumba na kuuma mabega.

Kuhusu kilichoutengeneza: alumini ni rahisi kununua lakini inapitisha umeme. Faiba ya kioo ni ya bei nafuu, ila ukiwa mrefu unakuwa mzito na unapinda. Kaboni ni nyepesi na imara, lakini bei yake ni kali. Kuna na mchanganyiko wa faiba na kaboni. Kwa mkono uliowahi kuvunjika, wepesi si anasa. Angalia pia vibanio vya kufungia sehemu, maana vumbi huviharibu upesi. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapa Nairobi. Ukiambiwa viagizwe ng'ambo, fikiri mara mbili.

Hatari na mipaka

Ufito humwondoa mtu kwenye ngazi, lakini haumwondoi kwenye hatari. Katika Kemia tulifundishwa kwamba grafiti, ambayo ni kaboni, hupitisha umeme. Nyuzi za kaboni pia hupitisha. Hata ufito wa faiba ukilowa maji si salama karibu na nyaya. Kabla ya kuunyanyua, tazama juu. Ukiona nyaya za umeme karibu, acha dirisha hilo, hata ukiongezewa pesa. Upepo ukiwa mkali, ahirisha. Na mpira wa maji uwe wa rangi ya kuonekana ili wapita njia wasijikwae.

Vilevile ufito haufai kila dirisha. Yale madirisha ya zamani ya vioo vya kulaliana hupitisha maji hadi kwenye kochi la mwenye nyumba. Matone ya saruji na rangi hayatoki kwa burashi. Na majumba yanayozidi ghorofa sita hivi yaachiwe waliofunzwa kazi ya kamba. Wewe uliye na wafanyakazi, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uwalinde.

Hatimaye tulinunua nini? Kipimo kwanza, kisha chupa ya rezini, tangi la magurudumu, pampu, burashi, na ufito wa mchanganyiko wa mita 10, uliokwisha kutumika kidogo. Ilibaki pesa kidogo ya rezini ya kubadilisha. Mjomba anaosha tena. Mkono wake haunyooki sawasawa, lakini miguu yake iko chini. Mama amebakiza nusu ya deni, na kila mwezi mjomba huja mwenyewe na sehemu yake kabla hajaulizwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Siku nyingine ukipita Hurlingham ukaona kioo kinang'aa, jua kuna mtu alianza kwa kupima maji. Na ukimkuta kazini, msalimie, lakini usipite chini ya ufito wake.