Karatasi ya Maabara Inasema Nini Kuhusu Damu ya Mtoto Wako?

Kama unachambua mboga au una mtoto mgongoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunazungumza kuhusu ile karatasi ndogo unayopewa maabarani mtoto akishatolewa damu.

Wengi wetu tukipewa karatasi hiyo huikunja na kuifunga kwenye pindo la leso. Tunaona herufi na nambari, tunasema hayo ni ya daktari. Ni kweli daktari ndiye anayeamua matibabu. Lakini siku nyingine foleni ni ndefu, karatasi inasomwa mbiombio, na nambari inayoonyesha hatari inaondoka nawe hadi steji ya matatu. Mama anayejua nambari moja au mbili anaweza kurudi dirishani na kuuliza. Swali hilo linaweza kuokoa maisha.

Kwanza tuondoe hofu. Kuna wazazi wanaokataa mtoto atolewe damu wakisema itaisha. Mtoto wa kilo 10 ana karibu mililita 800 za damu mwilini. Kipimo cha hesabu kamili ya damu huhitaji mililita 1 au 2 tu, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Mwili huirudisha bila shida.

Sasa tuiangalie damu yenyewe. Ndani yake mna chembechembe za aina tatu. Chembechembe nyekundu hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Chembechembe nyeupe ni askari wanaopigana na magonjwa. Aina ya tatu ni vigandisha damu, ambavyo huziba kidonda ili damu isiendelee kutoka. Karatasi ya maabara inakueleza hali ya kila kundi.

Anza kwa kutafuta herufi Hb. Hii ni hemoglobini, ile rangi nyekundu inayoshika oksijeni, na ndiyo nambari ya kwanza kwako kuijua. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha viwango vyake mwaka 2024. Hb haifai kuwa chini ya hapa:

Mtoto wa miezi 6 hadi 23: 10.5.
Mtoto wa miaka 2 hadi 4: 11.
Mtoto wa miaka 5 hadi 11: 11.5.
Mwanamke asiye mjamzito: 12.
Mama mjamzito: 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na 10.5 katika miezi ya katikati.

Usishtuke ukiona 108 mahali ulipotarajia 10.8. Baadhi ya maabara huhesabu kwa lita nzima badala ya sehemu ya kumi ya lita. Ondoa tarakimu moja ya mwisho kwa kuweka nukta, na utapata nambari uliyoizoea.

Mtoto wa chini ya miaka mitano, au mama mjamzito, akiwa na Hb chini ya 7, huo ni upungufu mkubwa wa damu. Usiende nyumbani kabla ya mhudumu wa afya kukuambia atafanya nini.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka miwili amekuwa na malaria. Amepewa dawa, homa imeshuka, ameanza kunywa uji. Karatasi yake inasema Hb ni 5.8. Mama anaona mtoto amepata nafuu, anataka kuondoka. Lakini vimelea vya malaria huvunja chembechembe nyekundu, na damu inaweza kuendelea kupungua kwa siku kadhaa hata baada ya homa kutulia. Mtoto huyu anahitaji kuangaliwa kwa karibu na kupimwa tena. Usiku huo huo anaweza kuanza kuhema.

Hb ikiwa chini ya 4, mtoto huhitaji kuongezewa damu bila kuchelewa. Ikiwa kati ya 4 na 6, naye anapumua kwa shida, amelegea sana au amepoteza fahamu, vilevile huhitaji damu. Wako wazazi wanaoogopa damu ya mtu mwingine. Damu ya msaada hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya mgonjwa kupewa. Kisha hulinganishwa na kundi la damu ya mtoto. Uliza maswali yako yote, lakini usimtoroshe mtoto wodini.

Herufi nyingine ni WBC, yaani chembechembe nyeupe. Zikipanda, mara nyingi mwili unapigana na maambukizi. Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Mashine nyingi huchapa H kuonyesha nambari iko juu, au L kuonyesha iko chini, na mara nyingine mashine hulinganisha na viwango vya watu wazima. Mtu mzima huwa na kati ya 4 na 11. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuwa na 12 au 13 na awe mzima kabisa. Kwa hivyo usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki kwa sababu umeona H. Muulize mhudumu, "Nambari hii ni ya kawaida kwa umri wa mtoto wangu?"

PLT ni vigandisha damu. Kwa kawaida huwa kati ya 150 na 450. Hushuka mara nyingi mtu akiwa na malaria, na hupanda tena akipona. Lakini ukiona mtoto anatoka damu puani au kwenye ufizi bila kukoma, au ana madoadoa mekundu ya damu chini ya ngozi, mrudishe hospitalini mara moja.

MCV ni ukubwa wa chembechembe nyekundu. Zikiwa ndogo kuliko kawaida, huenda mwili umekosa madini ya chuma. Nambari hii humsaidia daktari kujua damu imepungua kwa nini, maana sababu ni nyingi: malaria, minyoo, lishe duni, kutokwa na damu, au ugonjwa wa selimundu.

Tuseme neno kuhusu selimundu. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na hapa Kenya huonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuishi na Hb ya 7 au 8 siku zake za kawaida. Mzazi wake anafaa kuijua nambari hiyo kwa kichwa na kumwambia kila daktari mpya. Ikishuka chini ya kawaida yake, hapo kuna tatizo.

Je, nyumbani bila maabara utajuaje? Angalia viganja vya mtoto, ulimi na ndani ya kope ya chini. Linganisha kiganja chake na chako. Kikiwa cheupe, mpeleke akapimwe. Dalili nyingine ni kuchoka haraka, kupumua mbio, moyo kudunda sana, kukataa kunyonya, na kupenda kula udongo. Nawe mama mjamzito unayetafuna odowa kila siku, nenda kliniki upimwe Hb.

Kuhusu chakula, wengi husema bitruti huongeza damu kwa kuwa ni nyekundu. Bitruti ni chakula kizuri, lakini rangi yake si damu, na chuma chake ni kidogo. Mpe mtoto aliyefikisha miezi sita maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, kunde na mboga za kienyeji kama terere na managu. Ongeza chungwa au nyanya, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma. Usimpe chai pamoja na chakula, kwani huzuia chuma hicho.

Ukipewa dawa ya kuongeza damu, imalize kama ulivyoagizwa, hata viganja vikianza kuwa vyekundu. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma kinachotoka. Lakini dawa hizo ziweke juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya chuma anaweza kufa. Na mama mjamzito, meza kidonge chako cha chuma na foliki kila siku.

Kabla hatujaagana, yashike haya manne. Moja, usiondoke maabarani bila kuuliza Hb ni ngapi. Mbili, muulize mhudumu damu imepungua kwa nini na mtoto arudi lini kupimwa tena. Tatu, weka karatasi zote ndani ya Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ili nambari ya leo ilinganishwe na ya mwezi ujao. Nne, mtibu mtoto, usiitibu karatasi: akiwa amelegea, anahema au hawezi kunyonya, mkimbize hospitalini hata kama karatasi ya jana ilikuwa nzuri.

Mweleze na jirani yako haya uliyoyasikia.